Nondo Hakuwa na Kosa

Jumamosi, tarehe 4 Mei. Asubuhi hiyo hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa milima tangu juzi, meusi, yakitutazama tu bila kushuka, na joto lilikuwa la kukaba koo. Nilipiga magoti mbele ya sanamu ya Buddha jogoo wakiwa bado wanawika, nikawasha vijiti vitatu vya ubani, nikasali sala zangu zote bila kuruka hata moja. Nilipofika kwenye ahadi ya nne, ile ya kutosema uongo, ulimi ulikwama. Ulikuwa ukikwama hapo hapo tangu mwezi wa kumi na moja.

Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu niliipita haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa mkali, nikatoka kwenda kusaidia kukata nyama.

Kilinge kilikuwa tayari uwanjani kwa dada yangu Kamnoi. Wanaume wa ukoo walikijenga jana yake: nguzo za mianzi, paa la majani, mikeka mipya chini. Katikati, kutoka kwenye boriti ya juu, kitambaa cheupe kirefu kilining'inia mpaka usawa wa kifua. Kitambaa hicho ndicho njia ya mizimu yetu. Anayepandisha hujifunga kikoi juu ya nguo zake, hujipiga kilemba, hukishika kitambaa kwa mikono miwili na kuzunguka nacho mpaka babu amkalie kichwani. Hatuchezi kila mwaka. Tunaita ngoma tukiwa na ugonjwa wa kuondoa au kosa la kuombea radhi, na safari hii tulikuwa na vyote viwili.

Mgonjwa alikuwa Kamnoi mwenyewe, mtunza mizimu wa ukoo wetu, miaka sabini na mmoja. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja alikuwa akipanda ngazi za nyumba yake, mkono wa kulia ukafa ganzi, akaporomoka. Hospitali walisema ni mshipa wa kichwani. Walimpa dawa, anazinywa mpaka leo. Lakini mkono haukurudi, na kijiko kinamponyoka kama kimepakwa mafuta.

Kosa lilikuwa la binamu yetu Tongbai. Au ndivyo ukoo mzima ulivyosema. Mwezi wa pili tuliuliza kwa kuhesabu punje za mchele, na mchele ukajibu kwamba kosa liko ndani ya chumba cha mizimu. Wazee wakaingia, wakateremsha kikapu cha nguo za mababu kutoka kwenye rafu, wakakuta kikoi kimoja kina tundu la nondo, dogo, la kuingia kidole. Kazi ya kuzianika nguo zile kila mwaka ni ya Tongbai. Alianguka kifudifudi palepale akalia, na tangu siku hiyo katika nyumba zote kumi na mbili za ukoo akawa ndiye aliyeua mkono wa Kamnoi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni siku ile. Niliona tundu, nikasema moyoni, ahsante. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema.

Kwa sababu ukweli niliujua mimi. Mwezi wa kumi na moja, wakati wa sikukuu ya taa, binti yangu Waen alirudi nyumbani baada ya miaka sita, akiwa na mume wake, Esben, Mdenmaki mrefu mwenye nyusi nyeupe. Kamnoi alikuwa kwa mwanawe mkoa wa jirani wiki mbili, na nyumba alikuwa ameniachia mimi. Paa langu linavuja na kitanda changu ni cha mtu mfupi. Nilijua wataniaga jioni waende hoteli mjini, nami nilitaka nilale huku nikisikia mwanangu akikohoa upande wa pili wa ukuta. Basi niliwafungulia chumba cha ndani cha nyumba ya Kamnoi, anamolala mwenyewe, chenye neti na kitanda kikubwa. Juu ya kitanda kile ndipo ilipo rafu ya mababu.

Juu ya mlango wa chumba hicho kuna ubao uliochongwa. Mwanamume ambaye hajatambulishwa kwa mizimu havuki ubao ule, sembuse kulala chini ya rafu na binti wa ukoo. Waen aliniuliza, "Mama, umeomba ruhusa?" Nikamjibu, "Nimeomba. Nimeweka maua na mishumaa." Sikuweka hata ua moja. Ruhusa ilikuwa ya Kamnoi kuomba, na Kamnoi angekataa.

Usiku saba walilala pale. Kamnoi alirudi, na siku ya nne akaanguka.

Ningesema siku hiyohiyo, kama si adhabu yake. Binti aliyefanya hivyo hukatwa. Jina lake hutolewa, watoto wake hawana mababu, na siku akifa hakuna wa kumpokea huko aendako. Nilipokuwa mdogo nilimwona mmoja aliyekatwa. Alikuwa akienda sokoni kwa njia ya nyuma ya tuta la mfereji, katika matope, ili asikutane na mama zake wadogo. Mimi nina mtoto mmoja tu. Kila nikifungua mdomo nilimwona Waen kwenye matope yale.

Sasa walikuwa wamerudi wote wawili kwa ajili ya ngoma. Kamnoi ndiye aliyewaita. Mwisho wa siku Esben angetambulishwa kwa mizimu kwa heshima zote, kana kwamba hajawahi kuvuka ubao wowote.

Nilimkuta amechuchumaa jikoni uani, magoti yake yakiwa karibu na masikio, akikata nyama ya nguruwe pamoja na Tongbai. Alikuwa amejifunza lugha yetu kwa Waen, na aliisema kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mkwe," Tongbai alikuwa akimwambia, "nyama imeshakufa. Usiiue mara ya pili. Katakata taratibu."

"Nakata taratibu, mama mdogo."

"Unakata kama unadaiwa roho. Tazama kidole hicho. Babu ameomba kichwa cha nguruwe, hakuomba kidole cha mzungu."

Wanawake wa kwenye masufuria wakacheka. Esben naye alicheka, kisha akauliza, kwa sauti ile isiyojua kunong'ona, "Mama mdogo, kwa nini ulilia jana?"

"Nani kalia? Vitunguu."

"Jana hukukata vitunguu. Ulikunja nguo."

Tongbai aliacha kisu. "Huyu ana macho ya mama mkwe," alisema. Halafu akamweleza, taratibu, kwa maneno mafupi: kikapu, kikoi, nondo, mkono wa Kamnoi. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na beseni la wali, miguu yangu imeota mizizi.

"Kikapu?" Esben alisema. Uso wake uling'aa, kama mtu aliyekutana na rafiki ugenini. "Kile cha juu, chenye mfuniko mwekundu? Mimi nakijua! Mimi usiku wote—"

"Esben!" nilisema. "Barafu!"

"Barafu ipo, mama. Nimeleta sasa hivi."

"Kalete nyingine!"

Alinyanyuka, akanitazama kwa mshangao, akaenda. Tongbai aligeuza shingo pole pole. "Dada Bua, barafu zote hizo za nini? Kuna maiti tunamhifadhi?"

"Joto," nilisema.

"Amekiona wapi kikapu?"

"Kwenye picha. Waen alimwonyesha."

Aliniamini. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba hata hakufikiri mara mbili. Alirudi kwenye nyama yake, akasema, "Leo ikipita, Dada Bua, nitalala. Miezi mitatu sijalala usingizi wa kueleweka. Nikifumba macho namwona yule nondo. Ana sura ya shemeji yako marehemu, na masharubu yote." Akacheka mwenyewe, akajipangusa uso kwa kiwiko.

Sikuweza kucheka. Nilimwomba Mola wa mbinguni na wa duniani, na yeyote aliye karibu, aipitishe siku hii. Sikuomba ukweli utoke. Niliomba tu siku ipite.

Waen alinikuta nyuma ya mtungi wa maji. Alikuwa amevaa sketi yangu ya zamani ya kufumwa na ua sikioni, na kwa nukta moja nilimwona akiwa na miaka tisa.

"Mama, Esben anasema umemfukuza jikoni alipotaja chumba."

"Sikumfukuza. Nilimtuma barafu."

"Tuna barafu za kufungulia duka. Mama, si uliomba ruhusa?"

"Niliomba."

"Maua na mishumaa."

"Maua na mishumaa, ndiyo. Waen, usinihoji kama askari wa barabarani."

"Nitazame basi."

Wakati huo ngoma kubwa ililia mara moja, na zumari likafuata kwa sauti yake ya puani. "Wameanza," nilisema, nikampita. Nilisikia macho yake mgongoni mwangu mpaka nilipoketi.

Watu walikuwa wamejaa. Nyumba zote kumi na mbili zilikuja, na majirani, na watu wa kijiji cha ng'ambo ya mfereji. Vichwa viwili vya nguruwe, kuku, nazi, mikungu ya ndizi, pombe ya mchele, sigara nene za jani la mgomba na upanga wa mababu vilikuwa vimepangwa kwenye vyano. Esben aliketi ukingoni mwa mkeka, amekunja miguu upande mmoja kama alivyofundishwa, na jasho likimtiririka mpaka kwenye kidevu. Hakuna aliyeruhusiwa kucheza kabla mtunza mizimu hajafungua. Ndiyo taratibu.

Tongbai ndiye aliyemvalisha Kamnoi. Alimfunga kikoi chekundu, akampiga kilemba, akamshika kiuno na kumfikisha kwenye kitambaa. Mkono wa kushoto ulikamata. Wa kulia Tongbai aliuinua, akauzungushia kitambaa mara mbili, akavikunja vidole kimoja kimoja kama anayefunga mtoto mgongoni. Zumari likapanda. Kamnoi akaanza kuzunguka.

Mkono wa kulia ukateleza.

Wakamrudisha, wakaufunga tena. Ukateleza. Mara ya tatu alizunguka nusu duara, macho amefumba, midomo ikiita majina ya mababu, nasi sote tukavuta pumzi pamoja. Kisha mkono ulianguka ubavuni mwake, kama samaki aliyekufa.

Mzee wa zumari alilishusha zumari lake. Wapiga ngoma wakaacha. Hakuna anayeongea pale mzee huyo anapoacha kupuliza.

"Hawataki," alisema. "Waombeni radhi kwanza."

Tongbai alikuwa ameshapiga magoti. Alitambaa mpaka chini ya kitambaa na chano chake cha maua, mishumaa na kikoi chenye tundu juu yake, kimekunjwa vizuri. "Babu zangu, bibi zangu," alisema, "mimi Tongbai, binti wa Tipkeo, nilipewa nguo zenu nizianike. Nilizembea. Nondo aliingia kwa uzembe wangu. Nipigeni mimi, mumwachie dada yangu mkono." Alisujudu mara tatu. Paji la uso wake liligonga ardhi, nikalisikia.

Zumari likalia tena. Kamnoi akainuliwa, akafungwa, akazunguka. Safari hii hakufika hata robo. Mkono uliponyoka, naye akaanguka kwa goti, na kilemba kikamvuka.

Ndipo minong'ono ilipoanza, kama mvua juu ya majani makavu.

"Nondo mmoja hawezi kuleta haya."

"Ana jingine huyo."

"Muulizeni vizuri. Muulizeni alipokuwa akianika alikuwa na nani."

Tongbai aligeuka magotini, akatutazama sote, nyumba kwa nyumba. "Jingine lipi?" alisema. "Jamani, jingine lipi? Niambieni nilitaje!" Basi akaanza kutafuta. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, mbele ya watu mia moja, alianza kujipekua kama anayepekua mifuko. "Nilikula ndizi ya chano. Nilikuwa na miaka kumi, moja tu, ilikuwa imeiva sana." Mtu mmoja akacheka. "Nilimtukana mume wangu siku ya msiba wake, kwa sababu alikufa na funguo za ghala hazionekani. Nili... nilipita chini ya kamba yenye nguo za Dada Kamnoi, mwaka wa mafuriko. Nililala mchana siku ya sala. Nini tena? Nini tena, babu zangu?"

Sasa hakuna aliyekuwa akicheka.

Nilijaribu kusali, na sala pekee iliyokuja ni ile ahadi ya nne, yenyewe, maneno yote kwa mpangilio, na mara hii ulimi haukukwama. Nilimtazama Waen. Alikuwa ananitazama tayari. Nadhani alishajua. Nilitaka nikae hivyo kidogo tu, nimtazame akiwa bado mtoto wa ukoo, halafu nikasimama.

Sikumbuki kutembea. Nakumbuka kitambaa mkononi mwangu, kimelowa jasho la Kamnoi.

"Inuka, Tongbai," nilisema. "Nondo hana kosa. Na wewe huna kosa."

"Dada Bua, kaa chini, unaumwa."

"Siumwi. Mwezi wa kumi na moja, Kamnoi alipokuwa safarini, niliwalaza Waen na mumewe katika chumba cha mababu. Usiku saba. Sikuomba ruhusa. Waen aliniuliza nikamwambia nimeomba. Mlipokuta tundu kwenye kikoi nilinyamaza. Mlipomsema Tongbai nilinyamaza. Leo asubuhi nimemdanganya tena, na nimemdanganya mwanangu nyuma ya mtungi. Basi. Hilo ndilo jingine."

Nilisikia mafuta yakichemka jikoni.

Kamnoi alikuwa bado kwa goti. "Kitandani kwangu?" aliuliza.

"Kitandani kwako, dada."

"Na mimi nimelala juu ya hilo miezi sita, mitatu yake nikimlaani Tongbai kila nikikosa kushika kijiko." Hakuniinulia macho. Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Bua, ungenichapa kofi ingekuwa afadhali."

Esben alikuwa amesimama. Aligonga kichwa kwenye boriti ya kilinge, akainama. "Ni mimi," alisema. "Kosa langu. Mimi nililala."

"Kaa, mkwe," mzee wa zumari alisema, si kwa ukali. "Mgeni hajilazi. Mgeni hulazwa."

Lakini bibi mmoja wa ukoo, wa nyumba iliyo ng'ambo ya mfereji, alikuwa ameshanyoosha kidole. "Mgeni hajui, sawa. Binti anajua. Kalelewa hapa. Sheria haina mtoto wa Bua wala mtoto wa nani. Akatwe."

"Aliambiwa ruhusa imeombwa," mtu alisema.

"Aliambiwa! Nani asiyeambiwa? Ubao uko juu ya mlango, haukuhama."

Wengine wakaitikia. Waen alikuja mpaka katikati, akapiga magoti pembeni yangu, akaweka mikono mapajani, akisubiri. Bega lake liligusa mguu wangu. Nilitaka kumwambia nisamehe, na mdomo uliokuwa umesema yote yale ukakosa hilo moja.

Tongbai ndiye aliyeinuka. Alichukua kikoi kutoka kwenye chano chake, kile kile chenye tundu, akakitandaza, akajifunga kiunoni. Alikiokota kilemba cha Kamnoi mkekani, akakipiga kichwani mwake upande upande. Kisha akanisogeza kwa bega, si kwa upole, akakikamata kitambaa kwa mikono yote miwili.

"Wewe si mtunzaji," bibi yule alisema.

"Pulizeni," Tongbai alimwambia mzee wa zumari.

Mzee alimtazama Kamnoi. Kamnoi aliinua kidevu. Zumari likalia.

Alizunguka. Mara ya kwanza polepole, miguu ikikwaruza mkeka. Mara ya tatu kitambaa kilijisokota mpaka juu kwenye boriti, na mianzi ikaanza kulia. Nilimvuta Waen nyuma. Kisha Tongbai alitoa sauti ambayo haikuwa yake, nzito, ya mwanamume aliyeamshwa, akakiachia kitambaa, na kikafunguka chenyewe kikizunguka hewani huku yeye amesimama wima, miguu ameitanua, mkono mmoja kiunoni. Tulimjua. Ni Babu wa Upanga. Sote tuliokuwa karibu tulisujudu.

"Nani ananiita halafu ananiacha mlangoni?" alinguruma. "Koo limekauka!"

Wakampa pombe, akanywa bakuli zima. Wakampa sigara, akaivuta, akapuliza moshi juu. Akachukua upanga kwenye chano, akacheza nao raundi moja, akasimama mbele ya Esben na kumpima kwa upanga, toka mguuni mpaka upanga ukaishia kifuani.

"Hiki nini? Mnara wa simu?"

Watu walicheka, cheko la woga. Esben alishikanisha viganja vyake, akainama mpaka chini.

"Ulilala kwangu?"

"Ndiyo, babu."

"Ulilala vizuri?"

Nilifumba macho. Esben alifikiri. Yule kijana akiulizwa swali hufikiri kweli. "Hapana, babu," alisema. "Miguu ilitoka nje. Na paka."

Hata bibi wa ng'ambo ya mfereji alicheka. Babu alipiga paja lake. "Na paka! Ulibisha hodi?"

"Sikujua kama kuna mwenyewe."

"Sasa unajua. Toka. Kabishe."

Esben alitoka kilingeni, akazunguka mpaka njiani, kwenye jua. Waen alimfuata na chano cha maua na mishumaa alichoandaa kwa ajili ya jioni. Tuliwasikia: "Hodi, babu." Kimya. "Hodi, babu." Kimya. Mara ya tatu sauti yake ilivunjika, na Waen akaita pamoja naye, "Hodi!"

"Ingieni," alisema Babu.

Waliingia kwa magoti. Babu alikipokea chano, akainusa mishumaa, akaweka ncha ya upanga juu ya bega la Waen. Nilishika nguzo. Nilikuwa nasali bila maneno, pumzi tu.

"Wanasema nikukate," alisema. "Mtoto akidanganywa na mama yake, nimkate mtoto? Kwa wembe wa nani? Huyu ni wangu. Na mnara wake ni wangu." Akauondoa upanga. Waen aliinama mpaka nywele zake zikagusa mkeka, na mgongo wake ukaanza kutikisika.

Nilikuwa nimeanza kulia nami wakati upanga uliponigeukia.

"Na wewe."

Nilipiga magoti.

"Kiti changu hiki," alisema, akijipiga kifuani pa Tongbai kwa ngumi, "kimesemwa nyumba ngapi?"

"Kumi na mbili, babu."

"Miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Nawe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, babu. Nilikuwa nakaa nao, nakunywa chai."

Aliinama, uso wake ukawa karibu na wangu. Pombe, moshi, na chini yake harufu ya vitunguu ya binamu yangu. Macho yalikuwa mekundu na yalikuwa na maji. Sijui mpaka leo ni nani aliyekuwa akinitazama, na sikuthubutu kuuliza.

"Basi utafanya nini?" aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa.

Nyuma yake niliwaona wote. Waen na mumewe. Mzee wa zumari. Bibi wa ng'ambo ya mfereji na kidole chake. Kamnoi, mkono wa kulia mapajani, ambaye sasa ndipo alipoinua macho. Nilianza kusema, na Babu akaupiga upanga chini.

"Wa kwenye masufuria hawasikii!"

Nikasimama. Nilishika kitambaa kwa mikono miwili ili nisianguke, nikasema kwa sauti niliyodhani sina:

"Mimi Buajan, binti wa Kamsai, mbele ya mababu na mbele yenu nyote. Kuanzia kesho asubuhi nitakwenda kwa miguu nyumba zote kumi na mbili, na kila mlango nitasimama nje nibishe hodi, na nitasema kwa mdomo wangu kwamba aliyekosa ni mimi, si Tongbai. Sitaketi wala kunywa maji katika nyumba yoyote mpaka mwenye nyumba aseme amesikia. Na nyumba ya kwanza itakuwa ya Tongbai."